Kufunga ili Kufungua: Ngitili, Lugha ya Amri na Historia ya Kujifunza Utunzaji wa Ardhi kwa Vitendo Shinyanga

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho mvua zinapoanza na kuyafungua katikati ya kiangazi. Ngitili imeandikwa sana kama mafanikio ya upandaji na uhifadhi wa miti. Hapa inatazamwa kama njia ya kufundishana utunzaji wa ardhi na mimea ya asili kwa vitendo. Hoja kuu ni kwamba ngitili hufundisha kwa sababu hufungwa ili ifunguliwe, na kwamba kila utawala ulioingia Usukuma na Kondoa kwa lugha ya kufunga pekee uliwaondoa wakulima na wafugaji katika nafasi ya kujifunza. Makala inafuatilia kipindi cha ukoloni, kuanzishwa kwa vijiji, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kisha inalinganisha na istilahi za Kiswahili zilizozaliwa shambani, yaani fanya juu, shamba darasa na kisiki hai. Mwisho inapendekeza namna ahadi za kurejesha ardhi katika Afrika Mashariki na Kati zinavyoweza kuandikwa kwa lugha inayoacha nafasi ya mikono kufanya kazi.

Maneno msingi: ngitili, utunzaji wa ardhi, mimea ya asili, kujifunza kwa vitendo, istilahi, sera

1.0 Utangulizi

Mwaka 1986, mradi wa serikali ulipoanza kazi mkoani Shinyanga, eneo la ngitili lililokuwa limeandikwa katika kumbukumbu lilikuwa takriban hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, makadirio ya eneo lililorejeshwa yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika zaidi ya vijiji 800. Tofauti ya takwimu hizi imewavutia wataalamu wa misitu, wachumi na wafadhili, na mwaka 2002 juhudi za Shinyanga zilipewa Tuzo ya Ikweta.

Simulizi inayozoeleka husema kwamba ardhi iliharibika, serikali ikaingilia kati, wananchi wakaelimishwa na miti ikarudi. Katika simulizi hiyo elimu hutoka ofisini na kushuka kijijini, na mwananchi ni mpokeaji. Lakini neno lenyewe lililobeba mafanikio hayo, ngitili, ni la Kisukuma. Halikutungwa na jopo la istilahi, wala halikuwamo katika jina la mradi. Lilikuwa kinywani mwa wafugaji kabla ya mradi kuwapo, likanyamaza kwa zaidi ya muongo mmoja, kisha likaingia katika taarifa za serikali, machapisho ya kimataifa na Kiswahili cha maafisa ugani.

Safari ya neno hili inazua swali la kihistoria ambalo takwimu za hekta hazilijibu: ujuzi wa kurejesha ardhi ulikaa wapi katika miaka ambayo ardhi yenyewe ilikuwa tupu, na kwa nini uliweza kuamshwa Shinyanga upesi kiasi kile? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba ujuzi huo ulikaa katika kitendo chenye sehemu mbili, kufunga na kufungua, na kwamba sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa darasa.

2.0 Ngitili kama kalenda ya kujifunzia

Shinyanga hupata mvua ya wastani wa milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni mikavu. Kwa jamii inayolima na kufuga, hatari kubwa huja mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekwisha, maji yako mbali na maksai wanatakiwa kuwa na nguvu za kulima mvua ya kwanza inaponyesha.

Ngitili ilikuwa jibu la tatizo hilo. Kipande cha ardhi kilifungwa mwanzoni mwa mvua, nyasi, vichaka na miti vikaachwa vikue, kisha kikafunguliwa kiangazi kilipokolea. Ufunguzi haukuwa wa mara moja. Sehemu moja ililishwa, na ilipokwisha ndipo nyingine ikafunguliwa. Kulikuwa na ngitili za kaya, ambazo kwa kawaida zilikuwa ndogo na karibu na makazi, na kulikuwa na ngitili za pamoja zilizosimamiwa na kijiji au kundi la majirani. Zile za karibu na nyumbani ziliwafaa hasa ndama, maksai na mifugo wagonjwa wasioweza kufuata kundi hadi malisho ya mbali.

Jambo hili la ndama lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika jamii za wafugaji, mtoto huanza kwa kuchunga ndama karibu na boma kabla hajakabidhiwa ng'ombe wakubwa. Ngitili ya kaya, kwa hiyo, ilikuwa mahali ambapo mchungaji mdogo alikutana kwa mara ya kwanza na maswali ya utunzaji wa ardhi: nyasi ipi huliwa kwanza na ipi huachwa, mgunga upi hudondosha maganda yanayofaa kwa lishe, ni lini udongo una unyevu mno kukanyagwa na kwato, na ni dalili gani huonesha kwamba sehemu imelishwa vya kutosha. Majibu hayakutolewa kwa maneno pekee. Mtoto aliyelisha sehemu kupita kiasi aliona matokeo yake msimu uliofuata katika mbavu za ndama walewale.

Kitendo cha kutenga eneo kilihitaji pia kuusoma udongo. Kisukuma kina msamiati uliopangika wa udongo unaofuata mteremko kutoka kilimani hadi bondeni: luseni, udongo mwepesi wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo, udongo mgumu wa kijivu wa kati usiopitisha maji kwa urahisi, ibushi, udongo wenye chokaa, na mbuga, udongo mzito mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alipendekeza dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo unaojirudia kulingana na mteremko. Maafisa wa kilimo walioandika kuhusu Usukuma katika miaka ya 1940 na 1950 walitumia majina ya Kisukuma katika maelezo yao, kwa kuwa yalikwisha kuupanga mteremko huo kwa namna inayolingana na dhana hiyo. Kwa mkulima, kila jina lilibeba uamuzi: hapa palimwe, hapa pachungwe, hapa pafungwe.

Hivyo ngitili iliunganisha mambo manne ambayo miradi ya baadaye iliyatenganisha: mahali, msimu, mwenye mamlaka na mwanafunzi. Mwenye kufunga ndiye aliyefungua, na aliyefungua aliona kosa lake.

3.0 Pori kama adui, 1920–1963

Utawala wa Kiingereza ulipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pori la Usukuma lilitazamwa kwanza kama makazi ya mbung'o. Charles Swynnerton, aliyekuwa mhifadhi mkuu wa kwanza wa wanyamapori kuanzia 1919 na baadaye mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o hadi kifo chake katika ajali ya ndege mwaka 1938, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya kazi hiyo. Chini ya watemi, maelfu ya wanaume waliitwa kufyeka vichaka na miti ili kuwanyima mbung'o kivuli. Malisho yaliongezeka, na malale yakapungua katika maeneo yaliyofyekwa.

Kampeni hiyo haikuwa na nia mbaya, na wafugaji wengi waliiunga mkono kwa kuwa iliwafungulia malisho mapya. Hata hivyo ilifundisha somo moja kwa nguvu ya kitendo kilichorudiwa mwaka baada ya mwaka, kwamba mti ni kizuizi cha maendeleo. Mikono iliyojua kuchagua mti wa kuacha ilizoezwa kutochagua. Upanuzi wa kilimo cha pamba baada ya Vita vya Pili ulisukuma somo hilohilo mbele, kwani shamba la pamba lilihitaji ardhi wazi, na mapato ya pamba yaligeuzwa kuwa ng'ombe waliohitaji malisho zaidi.

Madhara yalipoanza kuonekana, serikali ya kikoloni iligeukia kanuni. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, ulileta masharti mengi: matuta yaliyofungwa, matumizi ya samadi, ukomo wa mifugo, maeneo ya kulima na ya kulisha. Baadhi ya masharti hayo yalikuwa na msingi mzuri wa kitaalamu. Kilichokosekana ni nafasi ya mkulima kuyapima. Kanuni ilipokosewa, aliyekosea alitozwa faini. Kanuni yenyewe ilipokosea, hakukuwa na mahali pa kuirekebisha. Upinzani dhidi ya masharti ya kilimo na upunguzaji wa mifugo uliungana na harakati za vyama vya ushirika na za uhuru, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1950 sehemu kubwa ya masharti hayo ilikuwa imelegezwa au kuachwa.

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, cheo cha utemi kilifutwa kisheria pamoja na vyeo vingine vya kichifu nchini. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kitaifa. Katika utunzaji wa ardhi, ulimwondoa mmoja wa wasuluhishi wa migogoro ya malisho bila kutaja wazi nani angeshika nafasi yake.

4.0 Vijiji vipya, ngitili zilizoachwa, 1974–1984

Pigo kubwa zaidi kwa ngitili lilikuja na uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, uliofikia kilele chake katikati ya miaka ya 1970. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa pamoja ili zipate shule, zahanati na maji. Ngitili, kwa asili yake, ilikuwa jirani na boma. Boma lilipohamishwa, ngitili ilibaki nyuma bila mwenye kuifunga na bila mwenye haki ya kuifungua. Ardhi iliyozunguka vijiji vipya ililimwa, ililishwa na ilikatwa kuni kwa wakati mmoja.

Kilichopotea hapo hakikuwa nyasi na miti tu. Uhusiano kati ya uamuzi na matokeo ulikatika. Mtoto aliyezaliwa katika miaka hiyo alichunga katika malisho yasiyo na mwenyewe wala majira. Angeweza kulisikia neno ngitili kutoka kwa babu yake kama jina la kitu cha zamani, lakini hakukuwa na siku katika mwaka ambapo lilimtaka afanye jambo fulani. Ndivyo istilahi za utunzaji zinavyokufa: kitendo huondoka kwanza, na neno hubaki kwa muda likiwa kumbukumbu.

Mwalimu Julius Nyerere alitembelea Shinyanga mwaka 1984 na kuikuta hali ya ukame na uharibifu iliyomsukuma kutaka hatua zichukuliwe. Kutokana na msukumo huo, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa ushirikiano wa serikali na shirika la misaada la Norwei.

5.0 Jina moja, njia mbili: Kondoa na Shinyanga

Jina la HASHI lilifuata mfano uliokuwapo. Tangu 1973 kulikuwa na Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, uliosaidiwa na Uswidi. Kulinganisha miradi hii miwili kunafaa kwa sababu ilitumia neno lilelile, hifadhi, na kushughulikia tatizo linalofanana, lakini ilielekea njia tofauti.

Mwaka 1979, baada ya miaka kadhaa ya kazi za makinga maji na upandaji miti, serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la nyanda za juu za Kondoa, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya mifugo yalitolewa. Uoto ulirudi kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu. Kwa kipimo cha majani, agizo lilifaulu.

Kwa kipimo cha kujifunza, picha ni tofauti. Eneo lilifungwa bila siku ya kufunguliwa. Mfugaji wa Kondoa hakuhitaji tena kujua ni wakati gani sehemu fulani inaweza kulishwa, kwa kuwa jibu lilikuwa moja mwaka mzima: hapana. Samadi iliondoka pamoja na ng'ombe, maziwa yakapungua nyumbani, na mifugo iliyohamishwa ilikwenda kulisha ardhi ya watu wengine. Ufugaji wa ndani uliporuhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ulikuja kama teknolojia mpya kutoka nje, ingawa watu walewale walikuwa wafugaji kwa vizazi vingi.

Neno hifadhi katika matumizi ya kiserikali lina tabia ya kutaja hali, si kitendo. Eneo huwa hifadhi au haliwi. Ngitili ni ya aina nyingine, kwa kuwa ndani ya maana yake mna majira. Ngitili isiyofunguliwa kamwe si ngitili iliyotunzwa vizuri zaidi. Ni kipande cha ardhi kilichoondolewa katika maisha ya watu. Tofauti hii ya kisemantiki ilikuwa tofauti ya kisiasa pia. Hifadhi humhitaji mlinzi, ilhali ngitili humhitaji mwenye kuamua.

6.0 HASHI na kurudi kwa mikono

HASHI haukuanza na jibu hilo mkononi. Kazi za mwanzo zilijumuisha vitalu na ugawaji wa miche, mingi ikiwa ya kigeni. Mabadiliko yalikuja kadiri maafisa walivyotembea vijijini na kuuliza watu walifanya nini kabla ya uhamishaji. Jibu lililojirudia lilikuwa neno moja. Badala ya kuuza wazo jipya, mradi ulianza kuuliza ni wapi ngitili zilikuwa, ni nani alizifunga, na nini kilihitajika ili zifungwe tena.

Mbinu za mafunzo zilizotumika zilikuwa nyingi: warsha za kijijini, filamu na video, maigizo, majarida, na ziara za wakulima kwenda kuona kazi za wenzao. Maafisa wenyewe walifundishwa namna ya kushirikisha wananchi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti wa kilimo mseto wa kimataifa walijiunga na kazi, wakashughulikia miti ya malisho, miti ya kuni na uchaguzi wa spishi. Lakini mbinu iliyokuwa na nguvu zaidi haikugharimu fedha nyingi. Jirani aliona ngitili ya mwenzake kiangazi, ikiwa na nyasi wakati kwake hakuna kitu.

Kimsingi, kazi yenyewe haikuhitaji kupanda. Chini ya ardhi iliyoonekana tupu mlikuwa na mizizi hai, visiki na mbegu. Kilichotakiwa ni kuzuia mifugo na moto kwa majira machache, kisha kupogoa, kupunguza machipukizi na kuondoa mti mmoja ili mwingine unenepe. Migunga ya aina mbalimbali ilirudi kwanza, na miti mingine ikafuata. Watafiti walikuja kuhesabu zaidi ya spishi 150 za miti na vichaka katika ngitili zilizorejeshwa. Hakuna kitalu ambacho kingepanga mchanganyiko huo.

Hapa ndipo ujuzi wa wazee ulipopata kazi tena. Kijana aliyeshika panga hakujua chipukizi lipi ni la mti wa dawa, lipi ni la mti wa nguzo, na lipi litasonga nyasi. Mzee alijua, lakini hakuwa na nguvu za kukata. Mafunzo yalikuwa katika kukutana kwa hao wawili mbele ya kisiki kimoja. Istilahi zilizokuwa zimebaki kumbukumbu zilipata vitendo vyake upya: jina la mti lilitamkwa pamoja na uamuzi wa kuuacha au kuuondoa.

Usimamizi nao ulirudi katika vyombo vilivyofahamika. Kijiji kilitunga sheria ndogo, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilijadili makosa, na sungusungu walilinda. Sheria za nchi zilikuja baadaye na kukuta kitendo kipo tayari: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilitoa msingi wa kisheria wa kutambua misitu ya vijiji. Mpangilio huu wa wakati ni muhimu kwa washauri wa sera. Shinyanga, sheria iliufuata mkono. Katika miaka ya 1947 na 1979 mkono ulitakiwa kuifuata sheria.

7.0 Walionufaika na walioachwa

Utafiti wa kiuchumi uliofanywa na wizara husika pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, na kuchapishwa mwaka 2005, ulikadiria faida za ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, ikilinganishwa na wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wa dola 8.50. Faida hizo zilitokana na malisho, kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, matunda na uyoga. Wanawake walipunguziwa mwendo wa kutafuta kuni.

Hata hivyo, historia isiyotaja mgawanyo wa faida hizo itakuwa pungufu. Mwenye ardhi kubwa na mifugo mingi aliweza kufunga eneo kubwa na hata kuuza haki ya kulisha kiangazi. Kaya isiyo na ardhi ilitegemea ngitili za pamoja, na mahali ambapo ngitili za watu binafsi zilikua kwa kula ardhi ya wote, kaya hiyo ilibaki nje ya ua. Kuachwa huko kulikuwa na maana ya pili: asiye na haki ya kufungua hakuwa pia na nafasi ya kujifunza kufunga. Usawa katika ngitili, kwa hiyo, ni suala la elimu kama ulivyo suala la mapato.

Mradi ulifikia kikomo mwaka 2004. Mwaka 2012 sehemu za uliokuwa Mkoa wa Shinyanga ziliingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Ongezeko la watu na la mifugo, pamoja na mahitaji ya mashamba, viliendelea kuzibana ngitili. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kilichoamshwa hakiwezi kulala tena. Kitu pekee kinachokizuia ni kuendelea kwa siku ile ya kiangazi ambapo watu wanakaa na kuamua.

8.0 Istilahi zilizozaliwa shambani

Mfano wa Shinyanga hauko peke yake katika ukanda huu. Huko Machakos, nchini Kenya, serikali ya kikoloni iliagiza upunguzaji wa mifugo, na mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kwa miguu hadi Nairobi kuupinga. Matuta yaliyochimbwa kwa shuruti katika miaka iliyofuata hayakupendwa. Katika miaka ya 1950, kazi ilipopangwa kupitia vikundi vya mwethya vilivyochagua viongozi wao, wengi wakiwa wanawake, matuta ya fanya juu yalienea. Baada ya uhuru wakulima waliendelea kuyachimba kwa gharama zao. Watafiti waliolinganisha hali ya miaka ya 1930 na ile ya 1990 walikuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko umepungua.

Fanya juu ni istilahi ya ajabu kidogo kwa mwanaisimu. Ni kitenzi na kielezi vilivyobaki katika umbo la maelekezo, kama vilivyotamkwa mtaroni: udongo utupwe upande wa juu wa mtaro, si wa chini. Imeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo hadi Ethiopia bila kutafsiriwa. Imesafiri kwa sababu anayeisikia anajua jembe lielekee wapi.

Shamba darasa, istilahi iliyoenea Kenya, Tanzania na Uganda tangu mbinu hiyo ilipoletwa kwa majaribio katika miaka ya 1990 kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, inaweka shamba mbele ya darasa, na mpangilio huo wa maneno unaeleza mpangilio wa kazi. Kisiki hai, jina la Kiswahili linalotumika Dodoma tangu 2018 kwa njia ya kukuza machipukizi ya visiki, ni mfano wa tatu. Njia yenyewe ilienezwa nchini Niger kuanzia miaka ya 1980. Jina lake la kitaalamu ni refu na gumu kukumbukwa. Kisiki hai ni maneno mawili yanayomwambia mkulima mahali pa kuangalia, na ndani yake mna hatua za kazi: chagua kisiki, chagua machipukizi, pogoa, weka alama, tunza. Si jambo la kupuuzwa kwamba mkoa ambao mwaka 1979 ulifundishwa hifadhi kwa agizo la kuondoa ng'ombe sasa unafundishwa kwa jina linalomtaka mtu ainame na kutazama.

Istilahi hizi zina sifa tatu zinazofanana na za ngitili. Hutaja kitendo au mahali pa kitendo, hueleweka bila mkalimani, na humwacha mtumiaji akiwa mtendaji wa sentensi. Istilahi nyingi za nyaraka za sera hukosa sifa ya tatu. Katika kauli kama “eneo limehifadhiwa” au “ardhi imerejeshwa”, mtendaji amefichwa, na anayefichwa katika sentensi huwa ndiye anayesahaulika katika bajeti.

9.0 Hitimisho

Chini ya mpango wa Afrika wa kurejesha mandhari ya misitu ulioanzishwa mwaka 2015, Tanzania iliahidi hekta milioni 5.2, Kenya milioni 5.1, Uganda milioni 2.5, Rwanda milioni 2, Burundi milioni 2 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo milioni 8, zote kufikia 2030. Ahadi hizi zimeandikwa kwa kipimo cha hekta, na Kiswahili, ambacho sasa kina hadhi rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitatakiwa kuzibeba hadi vijijini. Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba namna zitakavyobebwa haitakuwa suala la tafsiri peke yake.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchunguzi huu. Kwanza, kumbukumbu za urejeshaji wa ardhi zioneshe, pamoja na ukubwa wa eneo, siku au masharti ya kufunguliwa kwake na jina la chombo chenye mamlaka hayo. Eneo lisilo na jibu la swali hili lihesabiwe kuwa limefungwa tu. Pili, kabla ya mradi kuunda au kutafsiri istilahi, watafiti wa lugha watumwe kukusanya msamiati wa wenyeji wa udongo, mimea na majira, na kila neno liandikwe pamoja na kitendo kinachoambatana nalo na mtu anayekitenda. Orodha ya majina ya miti bila maelezo ya matumizi ya panga ni nusu ya kazi. Tatu, mafunzo kwa maafisa ugani yaanzie katika maswali yaliyoulizwa Shinyanga baada ya 1986: hapa palifungwa lini, na nani alifungua?

Hekta 600 zilizobaki mwaka 1986 zinaweza kusomwa kama kipimo cha hasara. Zinaweza pia kusomwa kama idadi ya mahali ambapo, katika miaka yote ya amri, kuna mtu aliyeendelea kufunga mvua ilipoanza na kufungua kiangazi kilipokolea, na mtoto aliyechunga ndama hapo akiangalia. Mradi ulipofika, wenye kujua walikuwapo.